Zamu ya Maji ya Mama Ernesta

Kila Jumanne Zephania hafungui duka. Wateja wageni hugonga mlango wa bati, huchungulia kwenye upenyo, halafu huja kwangu jirani kuniuliza kama mwenye stationery kafa. Nawajibu hajafa, kaenda mlimani kupokea maji. Wakiuliza maji ya nini nawaambia warudi kesho, maana mimi nimefungua duka la kushona nguo, sikufungua ofisi ya maelezo.

Wewe nitakueleza, kwa sababu nimechoka kulibeba peke yangu. Zephania anapanda milima ya Upare kila Jumanne kwenda kumwagilia shamba ambalo halina udongo. Ana akili zake timamu, tena kwa kompyuta hapa Same simjui wa kumshinda. Shamba si lake, ni la mama yake mdogo, Ernesta, aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki, na ambaye sasa anaishi chumba cha nyuma ya duka kwa sababu nyonga yake imevunjika na mlima hauwezi tena.

Mimi ni Saada, wengi huniita Mama Yasmini, mshonaji, mtu wa hapa mjini kwenye barabara kuu. Tumekua tukiwatania watu wa mlimani kwamba Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Nami ni Mpare vilevile, ila wa bondeni, kwa hiyo naruhusiwa. Siku hizi utani huo sina hamu nao.

Zephania alipohamia hapa jirani alikuwa kijana mrefu, mwembamba, anavaa shati la mikono mirefu kwenye joto hili la Same kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Alisoma kompyuta Moshi kidogo, ada ikakata, mengine akajifunza mwenyewe kwenye simu. Kazi ya kumlisha ilikuwa kutoa fotokopi, kupiga picha za pasipoti na kuwajazia wanafunzi maombi ya mikopo. Kazi aliyoipenda ilikuwa kuandika programu. Programu ikikubali, alikuwa anaimba besi ya kwaya ya Kilutheri, chini kwa chini, mpaka ukuta wetu wa mbao ukawa unatetemeka na sindano ya cherehani yangu inahama njia. Nilimgombeza mara nyingi. Leo ningempa hata hiyo cherehani aimbe.

Sasa nikupe habari ya maji, maana bila hiyo huelewi kitu. Kijijini kwao, juu kule njia ya Mbaga, kuna ndiva inaitwa Mkanyeni. Ndiva ni bwawa la mawe na udongo walilolijenga mababu juu ya mashamba yao. Usiku maji ya kijito yanaingia na kujaa, asubuhi mwenye zamu anazibua, na maji yanashuka kwa mfereji mpaka shambani kwake. Kila nyumba ina zamu yake. Matope yakizidi, baragumu hupigwa na kila nyumba hutoa mtu na jembe, wanasafisha kwa pamoja, ndio msaragambo. Wakimaliza kazi, hapohapo ukingoni mwa ndiva, na matope miguuni, wanasikiliza mashtaka ya maji. Mwenye shtaka anasimama, uso wake unaonekana, anasema. Neno lisilo na mwenyewe hawalisikilizi. Ndivyo walivyorithi.

Utaratibu huo ulikuwa mzuri mpaka tangawizi ilipopata soko. Mzee Fredrick, mwenye mashamba makubwa ya tangawizi karibu na ndiva, akafukia mpira wa maji chini ya majani na kuyavuta usiku. Asubuhi ndiva ikawa inafunguliwa ikiwa nusu. Walio juu ya mfereji walipata kidogo, walio mkiani hawakupata kabisa, na shamba la mwisho kabisa mkiani lilikuwa la Mama Ernesta. Mtu wa kwanza aliyesimama kwenye msaragambo na kumtaja Mzee Fredrick alikuta migomba yake yote imelazwa chini. Wa pili mbuzi wake alikatwa mguu. Baada ya hapo kila aliyeulizwa alikuwa hajaona kitu.

Ndipo mwenyekiti wa ndiva, Mzee Zebedayo, alipoteremka Same siku ya soko, akaketi kwenye kiti cha picha za pasipoti na kofia yake magotini. Ukuta ni wa mbao, nilisikia yote.

“Shikamoo, mzee,” alisema Zephania.

“Marahaba, mwanangu. Nasikia wewe mashine zinakutii. Nataka watu wetu waseme juu ya maji bila kuonekana.”

“Hilo linawezekana, mzee. Watatuma ujumbe kwa simu, utaonekana kwenye ukurasa ambao kila mtu anausoma, bila jina.”

“Lakini neno liwe na mwenyewe.”

Zephania akacheka kidogo. “Sasa mzee, mtu asionekane, na hapohapo awepo?”

“Ndiyo. Nitajuaje kama ni watu kumi wamelalamika au ni mtu mmoja mwenye chuki kalalamika mara kumi? Wazee hawatakubali. Mimi nimeshasema ninachotaka, fundi ni wewe.”

Zephania akapata njia, na alifurahi nayo kama mtoto. Ujumbe ukiingia, programu inachukua namba ya simu ya aliyetuma, inaipitisha kwenye hesabu fulani, na kutoa alama, mstari wa herufi na tarakimu usio na maana. Alinieleza kwamba ni kama kusaga mahindi. Unga haurudi kuwa punje. Lakini namba ileile hutoa alama ileile kila mara. Kwa hiyo wazee wataona kwamba neno la leo na la mwezi uliopita ni la mtu mmoja, wasijue ni nani.

Udhaifu wake aliujua tangu mwanzo, asije mtu akakwambia hakuujua. Unga haurudi kuwa punje, lakini mtu mwenye namba nyingi mkononi anaweza kuzisaga moja moja na kutazama ipi inatoa alama ileile. Dawa ya kwanza ilikuwa kuchanganya ndani yake neno la siri ambalo analo Zephania peke yake. Alipanda mlimani kuwaeleza. Mtu mmoja akasimama na kusema, “Huyu ni mtoto wa Ernesta, na Ernesta yuko mkiani. Tukimwachia siri yeye, basi ndiva imekuwa ya ukoo wao.” Wakabishana mpaka ukungu ukashuka. Wapare tena. Waliamua kwamba siri isishikwe na mtu yeyote, hata mwenyekiti. Zephania alirudi Same kanuna, akanunua andazi kwa jirani, akalila bila chai.

Ikabaki dawa ya pili, kusaga polepole. Kuna programu ambazo wataalamu wamekwisha kuzitengeneza na kuzijaribu, wenyewe wanaziita laibrari, na zile za kufichia siri hujitengenezei nyumbani, kama usivyojichanganyia sindano ya hospitali. Aliyoitaka Zephania imetengenezwa makusudi iwe nzito. Namba moja inaisaga kwa taabu, ili mwizi anayejaribu namba nyingi achoke kabla hajafika.

Tatizo likawa mahali pa kuiweka. Hakuwa na kompyuta yake ya kukaa mtandaoni siku nzima, na hapa umeme wenyewe unakuja kama mgeni. Alikuwa amepata nafasi ya bure kwenye kampuni moja ya nje, inayokupa kona ndani ya kompyuta zake kwa masharti. Alikuja akaketi kwenye benchi langu la wateja, kichwa mikononi.

“Mama Yasmini, chukulia umepanga chumba. Mwenye nyumba anakwambia jiko lako usiliingize, pikia la kwake. Na la kwake lina moto mmoja tu, mkali.”

“Si uhame.”

“Nihamie wapi? Za kulipia sizimudu.”

Ile laibrari nzito inataka ijengwe ndani ya mashine yenyewe, na kampuni ilikataza mtu kuingiza chochote cha namna hiyo. Utumie walichokuwekea wao, basi. Akatafuta nyingine, iliyoandikwa yote kwa lugha ambayo kampuni inaikubali. Hiyo ikaingia, lakini ilikuwa inakokota miguu, na kampuni ilikuwa na sharti jingine, kwamba kazi ikizidi muda wao wanaikata. Alikuwa anajaribu, inasaga, inasaga, halafu ujumbe mwekundu unatokea kwamba muda umekwisha. Akaipunguzia uzito. Wakaikata. Akaipunguza tena na tena, mpaka akaona uzito uliobaki haumchoshi hata mtoto. Mwishoni akatumia ile ya mwenye nyumba, yenye moto mkali, inayosaga namba kabla hujapepesa jicho.

“Itatosha kwa sasa,” aliniambia. “Nikipata nafasi nzuri nitaihamisha.”

Mimi mwenyewe nimeshona suruali kwa uzi mbovu nikisema itatosha kwa sasa, na suruali imeondoka na mteja haijarudi. Mafundi wote ni wamoja.

Kitu kimoja alikifanya. Alimpigia simu mama yake mdogo, akamwambia, “Mama, wewe usitume. Waache wengine watume.” Nilisikia sauti ya yule mama kwenye spika, haina haraka. “Shamba langu ndilo la mwisho, mwanangu. Wengine wakikosa leo watapata kesho kidogo. Nisiposema mimi atasema nani?”

Basi akawa anasema. Yeye kuliko wote, kwa mbali.

Na mambo yakaenda, lazima niseme ukweli. Mzee Zebedayo alikuwa anasoma maneno ya ukurasa kwa sauti kwenye msaragambo, neno na alama yake, na wazee wakitikisa vichwa kwamba kweli hili lina mwenyewe. Mpira ukafukuliwa mbele ya watu wote. Mzee Fredrick akatozwa mbuzi kwa desturi ya ndiva, mbuzi akachinjwa, wakala, na yeye mwenyewe akala. Maji yakafika mkiani. Zephania aliimba wiki nzima.

Mama Ernesta akashuka Same kuja kushonewa gauni la sikukuu ya mavuno. Mwanamke mfupi, mikono migumu, anacheka na mdomo kaufunika. Nilipokuwa nampima alinieleza maharage yake yalivyotoa maua, na kwamba kaburi la mume wake, lililo ukingoni mwa shamba chini ya migomba, sasa limezungukwa na kijani pande zote. “Alikuwa anapenda kukaa pale jioni,” alisema. “Sasa anakaa vizuri.” Akataka mikono ya gauni iwe mipana, ili akiinyanyua kanisani ionekane kwamba nguo imeshonwa mjini. Nilimpenda palepale.

Likizo ikafika, na Elibariki, mtoto wa Mzee Fredrick, akarudi kutoka chuo kikuu anakosomea hayohayo mambo ya kompyuta. Baba yake alimwonyesha ukurasa kwenye simu, akamwuliza kama alama zile zinasomeka. Yule kijana akafungua laptop. Namba hakuzitafuta mbali. Ndiva ina kundi la WhatsApp la kutangaziana zamu na misiba, na mle ndani namba ya kila nyumba iko wazi. Akazichukua zote, akazisaga moja moja kama Zephania alivyohofia. Chai aliyowekewa ilikuwa bado ya moto. Alama iliyorudiwa kuliko zote ilikuwa namba ya Ernesta, akamtajia baba yake. Watu wanasema hakuwa na nia mbaya, alitaka tu kuonyesha kwamba ada ya chuo haikupotea. Mimi nasema nia njema ya namna hiyo abaki nayo mwenyewe.

Alfajiri moja, ndiva ikiwa imejaa mpaka ukingoni, mtu aliizibua yote. Mtu huyohuyo, au mwenzake, alikuwa ameziba kwa mawe michepuko yote ya mfereji isipokuwa ule wa mwisho. Maji ambayo huwa yanagawiwa nyumba kwa nyumba yakateremka yote kwa pamoja, kwa njia moja, mpaka mkiani. Yule mama alisikia kishindo akadhani ni mvua imeanza. Akatoka kwenye ukungu na khanga kichwani kwenda kuanua kuni. Walimkuta amebanwa kwenye shina la mparachichi, nyonga imevunjika, bado anaita watu wakafunge ndiva.

Baragumu lilipigwa. Wanaume walewale wa msaragambo ndio waliombeba kwa machela mpaka barabarani, wakipokezana, na sina shaka kwamba aliyeifungua ndiva naye aliweka bega. Ukungu ulikuwa mzito, walikuwa wamemfunika blanketi mpaka usoni kwa baridi, hakuona kilichobaki shambani. Zephania ndiye aliyekwenda kuona siku iliyofuata. Mteremko ule ulikuwa umenyolewa. Maharage, migomba, matuta ya mawe aliyoyajenga mume wake kwa miaka, udongo wenyewe, vyote vimeshuka korongoni, na kaburi nalo pamoja na aliyekuwa ndani yake. Mwamba mtupu ulikuwa unang'aa. Aliniambia haya akiwa amesimama mlangoni kwangu, hataki kukaa, halafu akasema, “Mama ameniuliza shamba limepona? Nimemwambia limeharibika kidogo mkiani.”

Nilitaka kumwambia uongo hauna miguu. Nilipomwangalia usoni nikaacha.

Ikapita miezi ya hospitali, kisha akamleta hapa nyuma ya duka. Miezi yote hiyo Zephania alikuwa na wimbo mmoja, laiti wangemruhusu ile laibrari. Kila aliyeingia kutoa fotokopi alielezwa habari ya ile kampuni na masharti yake. Nilidhani hilo linamsaidia, maana mtu akiwa na wa kumlaumu anapata usingizi.

Siku moja akaingia Elibariki. Alikuja kuchapisha kazi yake ya chuo, na pengine alikuja kwa kingine, sijui. Alisimama mbele ya kaunta, mgongo kaukunja.

“Kaka Zephania, pole kwa yaliyotokea. Mimi sikujua mzee atafanya nini.”

Zephania akaweka karatasi kwenye mashine. “Ningepata laibrari ninayoitaka usingeweza.”

Yule kijana angenyamaza ningemsamehe nusu. “Kaka, hata ungeiweka hiyo, ningeweza. Kwa namba za nchi nzima sawa, ningechoka. Lakini zile ni namba za kijiji kimoja. Ingechukua jioni moja badala ya dakika. Labda lile neno la siri walilolikataa lingenizuia. Kufuli haikuwa tatizo. Mlitaka kila neno liwe na mwenyewe, na wenyewe mko wachache.”

Pasi yangu ilikuwa ya moto na niliinyanyua, sikufichi. Nilifika mpaka mlangoni kwao. Zephania alikuwa anazipanga karatasi za yule kijana, anazigonga mezani ili zilingane, anazibana pini kwenye kona. Akamkabidhi. Akasema, “Ni kweli.” Kijana akaondoka. Tangu siku hiyo ile kampuni ya nje hakuitaja tena, na ile besi sijaisikia mpaka leo.

Mama Ernesta alikuwa amesikia kila kitu kutoka chumbani. Jioni akamwita. “Msaragambo ukipigwa, nenda ukasimame. Yaseme maneno yangu yote tena, kwa jina langu.”

Akaenda. Nilipewa habari na watu watatu na wote walieleza sawa. Zephania alisimama ukingoni mwa ndiva na simu mkononi, akayasoma, na baada ya kila neno akasema, “Hili ni la Ernesta.” Kisha akauliza ni nani aliyefungua maji alfajiri ile. Mzee Zebedayo akauliza nani ameona. Watu wazima na majembe yao wote wakatazama maji. Mzee Fredrick naye akatazama maji.

Lakini neno lilikuwa na mwenyewe, na wazee hawakuweza kulipuuza. Wakaamua Ernesta apewe zamu ya Jumanne, ndiva nzima, kuanzia jua linapochomoza mpaka adhuhuri, kwa maisha yake yote. Zamu kubwa kuliko hiyo haijawahi kutolewa pale Mkanyeni. Waliona wametenda haki na wakaenda nyumbani. Ila desturi ina sharti lake, kwamba zamu usipoifungua mwenyewe au mtu wako, inaangukia kwa mwenye shamba la juu kabisa. Na huko juu ni Mzee Fredrick na tangawizi yake.

Umeelewa sasa kwa nini Jumanne duka limefungwa. Anaondoka Jumatatu na gari la mchana, analala kwa Mzee Zebedayo, asubuhi anazibua ndiva. Anakaa juu ya mwamba mpaka adhuhuri akiyatazama maji yanavyopita na kuingia korongoni. Halafu anafunga, anashuka. Nilimwambia huo ni wazimu, si afadhali wapewe wengine walio mkiani. Akasema aliomba, wakamjibu zamu haigawiwi. “Nikiacha siku moja tu, Mama Yasmini, anayachukua yule.” Ng'ombe na kesi ya kuku. Sikucheka.

Akifika Same anapitia sokoni kwanza. Ananunua maharage, siku nyingine mkungu mdogo wa ndizi, anavitoa kwenye mifuko ya sokoni na kuvitia kwenye gunia la zamani la mlimani. Anamwekea mama yake miguuni, anamwambia hayo ni ya shambani. Mama anayachambua kwenye ungo, anashukuru.

Mwezi uliopita niliingia kumjaribisha gauni, maana lilikuwa limekaa kwangu tangu wakati ule na amepungua mwili. Ilikuwa Jumanne, Zephania hajarudi. Nilikuwa nimepiga magoti napandisha pindo, lisimsumbue akiwa amekaa, aliposema, “Saada, wewe huwa husemi uongo.”

“Huwa nanyamaza tu, mama.”

“Mtu aliyemwagilia shamba harudi na viatu visafi. Nimevitazama viatu vya mwanangu tangu mwanzo. Havijawahi kuwa na tope.”

Pini zilikuwa mdomoni kwangu, nikaendelea na pindo.

“Kwa hiyo udongo umekwenda,” alisema. “Hilo nimeshalimaliza mwenyewe. Nimelala na hilo. Sasa nakuuliza moja. Kaburi lipo?”

Nilitoa pini moja moja nikazichomeka kwenye kitambaa. Nilifikiria kusema lipo. Mdomo huu, ambao hata kodi ya mwenye nyumba unaibishia, ulikataa. Nikamwambia, “Halipo, mama. Lilikwenda na maji.”

Hakulia. Alishika mikono ile mipana ya gauni, akaivuta mpaka ikafunika viganja vyake, akakaa hivyo. Kisha akasema, “Usimwambie Zephania kama najua. Anachoka sana kunificha, lakini ndicho alichobaki nacho.”

Zephania akaingia jua likizama, gunia begani, viatu vyake vyeupe kwa vumbi la barabarani. Akanisalimu, akalitua gunia miguuni kwa mama yake.

“Maji yamefika?” mama aliuliza.

“Yamefika, mama.”

“Mpaka mkiani?”

“Mpaka mkiani.”

“Na kaburi la baba yako? Majani hayajalifunika?”

Zephania aliinama akawa anafungua kamba ya gunia, na kamba haikuwa na fundo gumu. “Nimelifyekea, mama. Ni safi kabisa.”

“Mungu akubariki, mwanangu,” alisema, akavuta ungo, akaanza kuchambua yale maharage ya sokoni.